Haki ya Kuazima kwa Majirani

Kuishi kinyumba bila ndoa ni jambo ambalo wengi hulilaani hadharani, na wengi hulitenda nyumbani. Si kazi ya makala haya kulisifu. Kazi yake ni kuuliza swali moja: siku wawili hao watakapofarakana, haki ya mnyonge wao imeandikwa wapi?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, itumikayo Tanzania Bara, ilijaribu kujibu. Kifungu cha 160 husema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, hata wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana. Dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi; na hata ikianguka, mwanamke aweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na nafuu nyinginezo.

Kifungu hiki ni rehema. Walakini tazama rehema yenyewe ilivyojengwa. Mwanamke aliyelima, aliyepika, aliyeuza vitumbua ili mabati ya nyumba yanunuliwe, hana budi kuwaleta majirani washuhudie kwamba walimjua kuwa mke. Majirani wakihama, haki nayo huhama. Na mwanamume aliyemwita jana "mama watoto" mbele ya wageni, leo humwita hawara mbele ya hakimu.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua, katika shauri la mke wa ndoa, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya pamoja. Je, jasho hubadilika kwa kukosa cheti?

Wapo wasemao kwamba hati ya mapatano kwa wasiooana ni leseni ya uzinzi. Hoja hii ni nyepesi. Hati haiwakutanishi, wamekwisha kukutana. Hati humzuia tu mwenye nguvu asiondoke na kila kitu. Aiogopaye aghalabu si mcha Mungu, bali mwenye mali.

Mali bila daftari huisha bila habari. Basi Bunge na liweke njia nyepesi: wawili waandike, wangali wanapendana, nani ametoa nini, nyumba ni ya nani, na watoto watatunzwaje, watie saini mbele ya mashahidi. Dhana na ibaki ngao ya asiye na hati. Lakini haki inayongoja kauli ya jirani ni haki ya kuazima, na cha kuazima hakistiri.