Msimu Hauhesabiwi kwa Siku Moja

Juma hili tuzungumze habari ya mpira. Najua akina mama wengine watasema, "Mpira ni mambo ya vijana, sisi utatufaa nini?" Subirini kidogo, mama zangu. Habari hii ni ya nyumba zenu pia, maana ni habari ya kupenda kilicho chetu na ya kuvumilia mpaka mwisho.

Ninyi mkaao Kigoma, Ujiji na vijiji vya kando ya ziwa mwaijua timu ya Mashujaa. Ni timu ya Jeshi la Wananchi, na uwanja wake wa nyumbani ni Lake Tanganyika, pale Kigoma mjini. Mkoa wetu umetoa wachezaji hodari tangu zamani. Juma Kaseja, yule kipa aliyeilinda Simba na timu ya taifa, ni mtoto wa Kigoma. Lakini kijana akikomaa mchezoni alipanda treni kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, nasi tukabaki kumsikiliza redioni.

Mwaka 2023 Mashujaa ilipanda Ligi Kuu. Haikupanda kwa njia pana. JKT Tanzania na timu ya Tabora ndizo zilizopanda moja kwa moja. Mashujaa ilipita mlango mwembamba wa mechi za mchujo. Mwishowe ikakutana na Mbeya City, iliyokuwa ikipigania kubaki Ligi Kuu. Mashujaa ikashinda, Mbeya City ikashuka.

Basi msimu wa 2023/24 ukaanza. Timu zilikuwa 16, na kila moja ilipaswa kucheza mechi 30. Ukishinda wapata pointi 3, ukitoka sare 1, ukifungwa hupati kitu. Mwisho wa hesabu timu mbili za chini hushuka, na mbili zilizo juu yao huingia katika mchujo. Kwa timu ngeni, kila mechi ni kama kuvuka mto wenye mamba.

Siku wanayoikumbuka wengi ni tarehe 9 Aprili 2024. Simba ilikuja Kigoma kucheza na Mashujaa katika Kombe la Shirikisho. Dakika 90 zikaisha bao 1 kwa 1. Wakaenda kwenye penalti, na Mashujaa ikashinda 6 kwa 5. Simba, timu yenye wapenzi kila kijiji cha nchi hii, ikatolewa na timu iliyokuwa na msimu mmoja tu Ligi Kuu!

Furaha hiyo ilikuwa halali. Lakini sikilizeni vema: ushindi ule haukuongeza hata pointi moja katika ligi. Kombe ni kombe, ligi ni ligi. Kama Mashujaa wangelewa sifa za siku ile na kulala, wangeweza kushuka pamoja na Mtibwa Sugar na Geita Gold, ambazo ndizo zilizoshuka mwaka ule. Hawakulala. Walimaliza nafasi ya 8, na msimu uliofuata wakawamo tena.

Hata wakubwa walifundishwa somo hilohilo. Yanga ilitwaa ubingwa kwa pointi 80. Azam na Simba zililingana, kila moja pointi 69. Azam ikawa ya pili kwa hesabu ya mabao tu, na Simba ikakosa Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Bao moja lililopuuzwa siku ya mvua laweza kumrudia mtu mwisho wa mwaka.

Wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mvuvi wa dagaa hahesabu mwaka wake kwa usiku mmoja mtumbwi ulipojaa. Huhesabu siku za giza na siku za mbalamwezi, ambapo taa hazifai kitu. Na mwaka uleule wa 2024, ligi ilipokuwa ikielekea mwisho, ziwa lilifungwa kwa wavuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Kufunga ni kugumu, lakini asiyengoja msimu hana cha kuvua mwakani.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Marekani. Huko kuna mpira wa namna nyingine: wachezaji huvaa kofia ngumu na kuushika mpira kwa mikono. Tena timu za vyuo hupendwa mno. Katika mji wa Ann Arbor, Chuo Kikuu cha Michigan kina uwanja wa kukalia watu zaidi ya laki moja, na mji wenyewe una wakazi wapatao laki moja na ishirini elfu tu! Mwaka 2020 timu ya chuo hicho ilicheza mechi 6, ikafungwa 4. Haikuachwa na watu wake. Msimu wa 2023 ikacheza mechi 15, ikashinda zote 15, ikawa bingwa wa vyuo vya nchi nzima. Wenyeji huipenda kwa kuwa ni yao, nao waliipenda kabla haijashinda.

Je, sisi? Mara nyingi Simba au Yanga ikija mkoani, wenyeji wengi huvaa nguo za wageni na kuwashangilia wageni. Sisemi ni kosa kuipenda Simba au Yanga. Nauliza tu: timu ya kijiji chako inacheza lini? Mwanao anacheza namba gani shuleni? Kuna baba awezaye kutaja wachezaji 11 wa Yanga bila kukosea, lakini hajasimama hata mara moja kando ya uwanja wa shule kumwangalia mtoto wake. Mtoto huyo akifunga bao, humtafuta baba kwa macho. Asipomwona, hujifunza kwamba cha nyumbani hakina thamani, na siku moja naye atapanda treni asitazame nyuma.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Basi, baba, mchezo ujao wa shule nenda ukasimame hapo. Mama, mtoto akirudi amefungwa, usimcheke. Mpe maji ya kuoga na chakula, umwambie mechi nyingine ipo. Msimu ni mrefu, na hakuna aubebaye peke yake.

Kwaherini mpaka juma lijalo.