Kinu Kimeondoka, Sinia Limebaki

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (SAW), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, katika misikiti yetu mingi siku hizi utaviona viti vimepangwa kando ya safu. Asiyeweza kusimama ameruhusiwa na sheria kuswali akiwa ameketi, wala hana lawama. Linalohuzunisha ni kwamba baadhi ya wanaovihitaji viti hivyo upande wa kina mama si vikongwe. Ni wanawake wa miaka 40 na 50 ambao magoti yao yamelemewa na uzito, na mapaja yao yamekosa nguvu ya kuuinua mwili kutoka kwenye sijda. Wengine wana sukari, wengine presha, na wengine yote mawili.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa hapa Kenya mwaka 2014 ulionyesha kuwa theluthi moja ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Katika kila wanawake watatu, mmoja. Basi hesabu waliomo nyumbani mwako, ujue kuwa jambo hili limeshabisha hodi.

Kilichobadilika majumbani mwetu

Baadhi ya watu husema bibi zetu walikula wali wa nazi, mahamri na samaki wa kupaka, na hawakuugua maradhi haya kama sisi. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya maelezo. Bibi zetu walitwanga kwa kinu na mchi, wakateka maji kisimani na kuyabeba kichwani, wakakuna nazi kwa mbuzi, wakafua kwa mikono na kwenda shughulini kwa miguu. Mizigo waliyoiinua kwa siku moja ingemchosha kijana wa leo.

Leo unga huja umeshasagwa, nazi husagwa kwa mashine, maji hutoka mferejini, na safari ya kwenda sokoni hufanywa kwa tuktuk. Hizi ni neema, na neema hushukuriwa. Lakini kinu kimeondoka na sinia limebaki lile lile, tena limeongezewa soda, viazi karai na keki. Mwili uliokuwa ukipokea chakula kingi na kazi nyingi sasa hupokea chakula kingi bila kazi. Mwenye kutaka kupungua na kupata nguvu hana budi kuyatengeneza yote mawili, sinia na kinu.

Dini imetangulia kusema

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, kula na kunywa bila ya kufanya israfu. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (SAW) ametufundisha kuwa hakuna chombo kibaya zaidi mtu kukijaza kuliko tumbo lake. Tonge chache za kumsimamisha zinamtosha, na ikiwa hana budi kuzidisha, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Mola wake kuliko aliye dhaifu, na katika kila mmoja wao mna kheri. Wanavyuoni wameeleza kuwa nguvu inayokusudiwa hapo kwanza ni ya imani na azma, na nguvu ya mwili huwa ni msaidizi wake. Sala, saumu na Hija zote ni ibada zinazohitaji mwili wa kuzibeba.

Wanaodhani kuwa mazoezi ni jambo la wanaume na waisome hadithi ya Bibi Aisha (RA) katika Sunan Abi Dawud. Alishindana mbio na Mtume (SAW) wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, walishindana tena na Mtume (SAW) akashinda, akamwambia kwa mzaha kuwa ushindi huo umelipa ule wa kwanza. Katika mapokezi ya Imam Ahmad mna kuwa Mtume (SAW) aliwaamuru kwanza watu watangulie mbele. Hapo mna mafunzo matatu: mwanamke amekimbia, stara imehifadhiwa, na mume ameshiriki kwa mapenzi bila ya kumdhalilisha mkewe kwa unene wake.

Tuanze na sinia

Sikusudii kumharamishia mtu biriani ambayo Mwenyezi Mungu amemhalalishia. Ninalousia ni mpangilio. Katika chakula cha kila siku, nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, mnavu, sukuma wiki, bamia, kachumbari. Robo iwe samaki, kuku, mayai, maharagwe, kunde au mbaazi. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, chapati au ugali. Sahani nyingi za kwetu hugeuza hesabu hii, wali ukawa mlima na mboga ikawa pambo.

Wanaokula pamoja katika sinia wana baraka zao, na Sunna hiyo tusiiache. Lakini katika sinia mtu hajui amekula kiasi gani. Basi mboga na kitoweo viwekwe kwa wingi na wali upunguzwe tangu jikoni. Kila mmoja ale upande wake taratibu, aanze na mboga na samaki, na asiongezewe kwa kulazimishwa. Ukarimu wetu wa kumwapiza mgeni ili aongeze sahani ya pili humdhuru mwenye sukari anayeona haya kukataa.

Yapo matatu yanayoingia kimyakimya. La kwanza ni sukari ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa sukari ya kuongezwa ingefaa isizidi kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko vidogo 6. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina karibu gramu 30. Na mama anayekunywa vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko viwili, ameshafika vijiko 8 kabla hajala andazi. Apunguze nusu kijiko kila wiki, na ulimi utazoea.

La pili ni mafuta. Kijiko kimoja cha kulia cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Mafuta hayo yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka mtungini kwa kukisia. Samaki akichomwa au akipikwa mchuzi ni bora kwa siku za kawaida kuliko wa kukaangwa. Tui zito liwe la siku maalumu, na siku nyingine litumike jepesi.

La tatu ni mabaki. Kina mama wengi humalizia wali wa watoto kwa kuogopa israfu. Nia ni njema, lakini israfu ilishatokea pale kilipopikwa kilichozidi haja. Tumbo la mama si ndoo ya mabaki. Pika kwa kipimo, kinachobaki kihifadhi kwa ajili ya kesho au mpelekee jirani.

Jihadhari pia na chai na vidonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kuondoa tumbo kwa siku saba. Chai nyingi za namna hiyo hutiwa sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na choo, mafuta hubaki pale pale. Kupungua kwa salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na mara nyingi ni chini ya hapo. Wala si lazima mtu awe mwembamba. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8 tu, sukari na presha yake kwa kawaida huanza kupata nafuu. Chukua utepe wa fundi cherehani ujipime kiuno. Kwa mwanamke, kinachozidi sentimita 88 ni onyo la kwenda kupimwa.

Kisha turudishe kinu

Wengi wakitaka kupungua hujinyima chakula peke yake. Uzito hushuka, lakini sehemu ya kilichoshuka huwa ni misuli, si mafuta. Misuli ndiyo inayomwinua mtu kutoka kwenye sijda, na ndiyo inayofyonza sehemu kubwa ya sukari ya damu baada ya chakula. Tena misuli huanza kupungua yenyewe taratibu mtu akishapita miaka 30 hivi, na mifupa ya mwanamke hudhoofika kwa kasi baada ya hedhi kukoma. Kuinua uzito huilinda misuli na mifupa pia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, pamoja na kushauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, limeshauri mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki.

Wapo dada zetu wanaochelea kuwa watafanana na wanaume. Wasihofu. Homoni inayovimbisha misuli ya mwanamume imo kwa uchache mno katika mwili wa mwanamke. Atakachopata ni mwili uliokaza na mgongo ulionyooka.

Vifaa vimo nyumbani. Dumu la lita 5 likijazwa maji lina uzito wa kilo 5, na chupa ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Fanya haya matano:

1. Keti kitini na uinuke bila ya kujishika, mara 10.
2. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, uusogeze mwili mbele kisha ujisukume nyuma, mara 10.
3. Inama kidogo mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja umeshika meza, uvute dumu kutoka chini hadi ubavuni, mara 10 kila mkono.
4. Shika ukuta uinuke kwa vidole vya miguu, mara 15.
5. Beba madumu mawili, moja kila mkono, utembee uani kwa dakika moja.

Pumzika, kisha rudia mzunguko huo mara ya pili, na ukizoea mara ya tatu. Haya yote huchukua kiasi cha dakika 20. Fanya siku mbili au tatu kwa wiki, ukiacha siku ya mapumziko katikati. Toa pumzi unapoinua wala usiizuie, hasa mwenye presha. Zile mbili za mwisho zikiwa rahisi, ongeza maji katika dumu, kwani mwili hauongezi nguvu usipoongezewa mzigo. Na kila siku ya zoezi hakikisha umekula yai, samaki au kunde, kwa sababu misuli hujengwa kwa protini.

Mwenye kutumia dawa za sukari au sindano ya insulini, mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, na aliyetoka kujifungua, amuulize daktari kwanza. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama.

Stara na nia

Mazoezi ya mwanamke yawe mahali asipoonwa na wanaume ajinabi: ndani, uani, au katika ukumbi wa wanawake wenye mwalimu mwanamke. Kuwa faragha na kocha wa kiume haifai, wala kutuma picha za mwili kwa kisingizio cha kuonyesha maendeleo. Mama na mabinti zake wakifanya pamoja baada ya Alasiri, wamepata zoezi na mazungumzo. Na anayefunga Jumatatu na Alhamisi, nia yake iwe ni ibada na afya ije kama ziada, asije akaharibu kwa kaimati na viazi karai usiku kucha.

Kwenu waume: mwanamke hawezi kuibadili sahani ikiwa wewe unadai chapati mbili za mafuta kila usiku, wala hapati dakika 20 ikiwa hakuna wa kumshikia mtoto. Mshikie. Kula anachokula. Na usimwite majina ya kumtweza kwa ajili ya unene wake. Wengi wamenenepa wakiwazalia na kuwapikia watoto wenu. Kumtishia kuwa utaoa mwingine hakumpunguzii hata robo kilo, humwongezea huzuni, na huzuni nayo humrudisha kwenye chakula.

Nawe dada, usiyaanze yote siku moja. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu japo ikiwa chache. Wiki hii punguza sukari ya chai na uinuke kitini mara kumi. Wiki ijayo ongeza dumu. Siku utakapoinuka kutoka kwenye sijda bila ya kushika kitu, utajua kuwa jasho lako halikupotea.

Ewe Mola wetu, tupe afya katika miili yetu, masikio yetu na macho yetu, utujaalie nguvu za kukuabudu mpaka mwisho wa umri wetu, na uwaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.