Nasaha kwa Wenye Majengo wa Mwisho wa Reli

Ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji, nina neno nanyi, hasa nyinyi wenye maduka ya kale katika Barabara ya Lumumba, kuanzia stesheni kupanda mlima, na nyinyi mliorithi nyumba za wazee kule Ujiji. Msizibomoe. Zikarabatini, mfanye biashara ndani yake na kuishi ndani yake, nazo zitawalisha nyinyi na wajukuu wenu.

Nasema sasa kwa sababu muda tulionao ni mfupi. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na tangu 2024 treni za reli ya aina hiyo zinabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Siku reli itakapokaribia ziwa, bei ya viwanja itapanda, na kila mwenye duka la zamani atagongewa mlango na mnunuzi. Huyo hataulizia kuta wala baraza. Ataulizia ukubwa wa kiwanja, alipe, alete mashine ya kubomolea. Dar es Salaam tumeyaona hayo: mitaa ya katikati ya jiji imepoteza majengo yake ya Wahindi na ya Wajerumani moja baada ya jingine, na leo anayetaka kumwonyesha mwanawe mji wa babu yake ulivyokuwa inambidi atafute picha.

Kigoma ni mji uliozaliwa na reli. Reli ya Kati ilifika ziwani Februari 1914, nao Wajerumani wakaichagua ghuba ya Kigoma kwa kuwa ina kina na imekingwa na upepo, wakauacha ufuko wa Ujiji ulio wazi na wenye maji mafupi. Ujiji ulikuwa mji mkubwa kabla yao. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliufikia Februari 1858, wakaukuta tayari ni kituo cha misafara kutoka pwani. Wafanyabiashara wa misafara ndio waliokuwa na nguvu pale, kwanza Mwinyi Kheri, na baada yake Rumaliza. Pembe na watumwa walivushwa ziwa kutoka Manyema, wakapita Ujiji kwenda Tabora na Bagamoyo. Reli ilipogeuza njia, soko nalo likageuka, na maduka yakapanda kilima kutoka stesheni kuelekea Mwanga. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walijenga, Wabelgiji wakapewa sehemu yao ya bandari kwa mapatano ya 1921 ili mizigo ya Kongo ipite, na Wamanyema, Wabembe na Waha wakawa ndio wenye mji. Historia yote hiyo imo katika barabara moja ambayo mtu huimaliza kwa miguu kabla jasho halijakauka.

Wapo wanaoniambia kwamba majengo haya ni ya wakoloni na ya wafanyabiashara wa utumwa, basi na yaanguke, tumepumzika. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli na siidharau. Lakini mgala muue na haki umpe: tofali zile zilifyatuliwa na nani? Reli ilitandikwa kwa mikono ya nani? Mjerumani alichora ramani, mtu wetu akabeba jiwe. Tena tukiangusha kila kinachothibitisha dhuluma, kesho atatokea mtu aseme haikuwapo. Tazameni walivyofanya wazee wetu wa uhuru. Barabara kuu ya mji waliipa jina la Patrice Lumumba, shujaa wa ng'ambo ya ziwa, wala hawakung'oa hata jiwe moja. Kwa jina hilo tu barabara ikawa yetu. Na ikatumika kwa kazi yetu: mwaka 1965 Che Guevara na Wakuba wenzake walipita Kigoma kuvuka ziwa kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo, na Novemba mwaka huohuo wakarudi hapahapa.

Wengine husema jengo la kale halilipi. Kwa hao namleta shahidi anayejulikana ufuko mzima, naye ni meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipandevipande, ikaletwa kwa makasha hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Ilishushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakikimbia waliipaka mitambo yake grisi, wakaizamisha wenyewe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Tangu hapo, kwa miongo mingi, ilishuka hadi Mpulungu, Zambia, ikibeba abiria, dagaa, mahindi na mananasi, na katika miaka ya vita ikabeba wakimbizi. Ingefungwa kamba ufukweni ili itazamwe tu, kutu ingekwisha kuila zamani. Kilichoipa umri ni kazi. Kila ilipoharibika palikuwa na watu waliokuwa wakiisubiri bandari kwa bandari, kwa hiyo ilitengenezwa.

Duka la Lumumba nalo lina kazi, na kazi hiyo linaiweza kuliko fremu ya vioo na aluminiamu. Jua la Kigoma mnalijua. Baraza lile la mbele, lenye nguzo na paa lililojitokeza, huzuia jua lisigonge ukuta na mvua isiingie dukani. Ukuta mnene hukaa na ubaridi wa usiku hadi mchana. Dari ndefu hupandisha joto juu ya kichwa cha mteja. Fundi cherehani huweka mashine yake barazani, muuza vitenge vya Kongo hutundika mali yake, mama wa mawese hupumzisha madumu. Ukilibomoa baraza ukaweka kioo hadi ukingo wa barabara, watu hao wote umewafukuza, na duka lako sasa linadai umeme wa kulipooza kutwa nzima. Gharama hiyo mpangaji huitoa katika kodi anayokulipa wewe.

Sasa ukarabati wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa nia njema. Ukuta wa udongo, au wa tofali zilizojengewa udongo na chokaa, usiupige lipu ya saruji. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka nje kupitia lipu ya chokaa. Saruji huufungia ndani, ukuta ukaoza kwa ndani huku nje unang'aa, na baada ya masika machache lipu huvimba na kuanguka ikiwa imeshika tofali. Tumieni chokaa. Na kabla ya ukuta, tazameni paa. Bati moja lililotoboka huozesha kenchi, kenchi ikilegea ukuta hupasuka. Beit al-Ajaib la Zanzibar, jumba la 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, nalo limo ndani ya Mji Mkongwe, eneo la urithi wa dunia lenye mamlaka yake ya hifadhi. Ikiwa huko imetokea, kwetu je, ambako hakuna wa kutulilia?

Sheria pia haitatuokoa bila sisi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baada ya hapo hubaki bila ulinzi mpaka Waziri ayatangaze. Sheria hiyohiyo huulinda pia mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940, lakini stesheni ya Wajerumani na maduka yanayoitazama yanahitaji mtu ayaombee. Ujiji umo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, pamoja na Bagamoyo na Kwihara, kama kituo cha njia ya watumwa na pembe. Orodha hiyo peke yake haiezeki nyumba.

Kwa hiyo nawageukia madiwani wa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mnao uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kataeni kibali cha kubomoa katika Lumumba na katika mitaa ya kale ya Ujiji mpaka kila jengo liwe limepigwa picha na kuandikwa. Mwenye nyumba atakayekarabati kwa chokaa na kulibakiza baraza, mpunguzieni ada na kodi zilizo mikononi mwenu. Machinga msiwaondoe barazani, wapangeni. Na jihadharini na yaliyotokea Lamu, ambako nyumba nyingi nzuri zilikarabatiwa, lakini kwa fedha za wageni waliozinunua, wenyeji wakahamia pembeni. Ukarabati wa namna hiyo siuombei Ujiji.

Na wenye nyumba, msingoje manispaa. Kiangazi huanza Juni, na kufikia Oktoba mawingu yamerudi. Miezi hiyo inatosha kupanda juu ya paa, kubadili bati bovu na kupiga lipu ya chokaa upande mmoja wa nyumba. Upande wa pili ufanyeni mwaka unaofuata.