Gundi Dhaifu ya 3M
Gundi ya vikaratasi vya Post-it ni polima ya akrilati iliyopatikana mwaka 1968 katika maabara za kampuni ya 3M, jimbo la Minnesota, Marekani. Mkemia Spencer Silver alikuwa akitafuta gundi kali. Alichopata ni vitufe vidogo mno, vyenye kunata lakini visivyoshika sana. Gundi ya kawaida hutandaa na kushika uso mzima wa kitu. Vitufe hivi hugusa kwenye nukta chache tu, ndiyo maana kikaratasi hubanduka bila kuchanika, kisha hubandikwa tena. Kinapochoka, mara nyingi gundi bado ipo, ila imejaa vumbi.

Miaka kadhaa Silver aliwaeleza wenzake kazini habari za gundi hiyo, na hakuna aliyejua iwe ya nini. Mwaka 1974 Art Fry, mfanyakazi mwenzake na mwanakwaya, alichoshwa na vialamisho vilivyokuwa vikidondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, akaikumbuka gundi ya Silver na kuijaribu kwenye vialamisho. Kampuni huwaruhusu wataalamu wake kutumia takriban asilimia 15 ya muda wa kazi kwa mawazo yao wenyewe, na pengine ruhusa hiyo ilisaidia kuliko kemia yenyewe. Bado gundi ilikuwa ikihamia kwenye ukurasa uliobandikwa, hadi karatasi ilipopakwa kwanza dawa ya kuishikilia.

Bidhaa iliuzwa kote Marekani kuanzia 1980. Rangi ya njano ilitokana na karatasi chakavu za maabara ya jirani.