Msing'oe Kibodi Kabla ya Kuupima Mfumo

Kila mfumo endeshi mpya unapoingia, meza za mafundi wa kompyuta hupokea lalamiko lile lile. Mashine imepigwa Windows mpya jana, skrini inawaka vizuri, kipanya kinatembea, lakini kibodi haiandiki hata herufi moja. Mwenye kompyuta amekaa mbele ya sehemu ya nenosiri, anabonyeza na kubonyeza, hakuna kinachotokea. Fundi anaitazama, anagonga vitufe viwili vitatu, kisha anasema: "Kibodi imekufa hii boss, inabidi tubadilishe."

Maneno hayo mara nyingi hutamkwa mapema mno, na anayeumia ni mteja. Kibodi iliyokuwa ikiandika mpaka dakika ya mwisho ya mfumo wa zamani haina sababu ya kufa dakika ile ile mfumo mpya unapowaka. Inaweza kutokea, maana ajali haina miadi. Lakini wa kushukiwa kwanza ni mfumo, na ndio unaopaswa kupimwa kwanza.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya bure kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao bado umejaa katika ofisi, shule na stesheneri zetu. Aliyetaka kubaki nao mwaka mmoja zaidi aliwekewa njia kadhaa, ikiwamo ya kulipa dola 30. Aliyetaka Windows 11 alikutana na masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa ambazo kwa Intel, ukiacha chache, zinaanzia kizazi cha 8, cha mwaka 2017. Kompyuta mpakato za mtumba zinazoshushwa Kariakoo au katikati ya Nairobi si chache zilizo na umri mkubwa kuliko huo. Basi mafundi wanailazimisha Windows 11 iingie hivyo hivyo, au wanamhamishia mteja kwenye Linux, hasa Ubuntu na Mint. Kwa vyovyote vile, kompyuta ya zamani inawekewa mfumo ambao haikutengenezwa nao.

Hata kampuni kubwa hujikwaa hapa. Siku hiyo hiyo ya Oktoba 14, Microsoft ilitoa sasisho la Windows 11 lenye namba KB5066835. Waliolipokea waligundua kwamba wakiingia kwenye sehemu ya uokoaji, ile skrini ya kurekebishia kompyuta iliyogoma kuwaka, kibodi na vipanya vya USB havifanyi kazi kabisa. Ndani ya Windows yenyewe vifaa hivyo hivyo vilikuwa vizima. Oktoba 20 kampuni ikatoa sasisho la dharura, KB5070773, kuondoa hitilafu hiyo. Kwa siku sita, mtu ambaye mashine yake iligoma alihitaji kibodi kuliko wakati mwingine wowote, na hapo ndipo mfumo ulipokataa kuipokea. Aliyekimbilia dukani kununua kibodi nyingine ya USB alitupa hela, kwa kuwa nayo ingenyamaza vile vile.

Ili kuona kwa nini haya hutokea, inafaa kuifuatilia herufi moja. Kidole kinapobonyeza A, njia mbili nyembamba za umeme chini ya kitufe hugusana. Chipu ndogo kwenye bodi kuu, ambayo mara nyingi ndiyo pia inayosimamia betri na feni, inauona mguso huo na kutuma namba. Kidole kikiachia, inatuma namba nyingine. Kwenye mpakato nyingi chipu hiyo mpaka leo inazungumza kwa namna ya Intel 8042, iliyosimamia kibodi ya IBM PC/AT ya mwaka 1984. Namba ikiwa tayari, prosesa inashtuliwa kupitia mstari namba 1. Hapo draiva ya mfumo endeshi inaipokea, inaipitisha kwenye programu nyingine zilizojipachika njiani, kisha jedwali la mpangilio wa kibodi linaamua kuwa namba ile ni A.

Kwa hiyo bisibisi ina kazi mwanzoni tu mwa njia hiyo. Kuanzia pale draiva inapopokea namba, yote yaliyobaki ni ya mfumo, na kibodi mpya ya dukani haiwezi kuyagusa.

Kipimo cha kutenganisha pande hizo mbili hakihitaji kifaa chochote. Kompyuta inawashwa, na kabla nembo ya mtengenezaji haijapotea fundi anagonga F2 kwenye Dell au Asus, F10 kwenye HP, F1 au F2 kwenye Lenovo. Menyu ya BIOS, ile ya mipangilio ya mashine yenyewe, ikifunguka, na mishale ikapanda na kushuka, basi kibodi inafanya kazi, waya wake umeshika na chipu yake inasikia. Wakati huo Windows haijaanza, wala Linux. Ni kazi ya dakika moja. Fundi anayetaja bei ya kibodi mpya kabla ya kuifanya hajaianza kazi aliyoitiwa.

Menyu isipofunguka, bado isiamuliwe kitu; na ikifunguka, mfumo uanzishwe upya kwanza. Kuzima na kuwasha hakutoshi siku hizi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kwenye kompyuta nyingi anayechagua "Shut down" hafungi mfumo wote: kiini chake kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilivyokuwa, ili mashine iwake haraka. Draiva iliyokwama jana inaweza kuamka leo ikiwa imekwama vile vile. Inayoanza upya kweli ni "Restart". Mtu anaweza kuzima na kuwasha wiki nzima asione nafuu, wakati kubofya "Restart" mara moja kwa kipanya kungemaliza kazi. Zaidi ya hapo, kuchomoa chaja na kushikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika huilazimisha ile chipu ndogo nayo kuanza upya kwenye mashine nyingi.

Kuna hitilafu nyingine ambayo si hitilafu hata kidogo. Windows ina huduma iitwayo "Filter Keys", iliyowekwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao hutetemeka. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, kisanduku cha swali kinatokea. Ukibonyeza Enter bila kusoma, umeiwasha. Kuanzia hapo kibodi inapuuza mibonyezo mifupi. Anayeandika kwa kasi haoni kitu. Akikaza kidole kwenye kitufe kimoja kwa sekunde nzima au zaidi, herufi inatokea, na hapo siri imefichuka. Kitabu kilichoegemea kona ya kibodi kinatosha kulileta swali lile kwenye skrini. Ni huduma njema, na haina budi kubaki, ila fundi anayeipokea kompyuta ya namna hii bila kuijua huduma hiyo atafungua mashine nzima akitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Wakati mwingine kibodi inaandika, ila si kile kilichobonyezwa. Mpakato nyingi za Bujumbura, Goma na Bukavu zina mpangilio wa Kifaransa, ambao A na Q zimebadilishana nafasi ukilinganisha na ule wa Kiingereza. Za mtumba kutoka Ujerumani zina Z na Y zilizobadilishana. Mfumo mpya ukiwekwa kwa mpangilio wa Marekani, na nenosiri likionekana kwa vidoti tu, mtu ataandika nenosiri lake sahihi na kukataliwa mpaka alie. Kwenye skrini ya kuingilia, alama ya huduma za ufikivu pembeni chini inafungua kibodi ya kwenye skrini, na kwa kipanya mtu anaweza kuchagua herufi moja moja akiona anachochagua. Njia hiyo hiyo humwingiza ndani hata yule ambaye kibodi yake imenyamaza kabisa.

Zipo pia kesi ngumu, ambazo fundi hodari wa mtaani hawezi kuzimaliza peke yake. Mwaka 2022 waliokuwa na Asus Vivobook za modeli K3402ZA na K3502ZA waliweka Linux na kukuta kibodi ya ndani kimya. Taarifa zilizomo ndani ya kompyuta zenyewe zilieleza kwa usahihi namna mstari namba 1 unavyoshtua prosesa. Kiini cha Linux, kwa mazoea ya mashine za zamani, kikaubadilisha mpangilio huo na kusubiri ishara ya namna nyingine. Kibodi ilikuwa ikibisha hodi mlango wa mbele, mfumo umekaa uani. Watengenezaji wa Linux waliziingiza modeli hizo kwenye orodha ya mashine ambazo mpangilio wake usiguswe, na orodha hiyo iliendelea kurefuka kwa modeli nyingine. Dawa ilikuwa kuweka kiini kipya zaidi cha Linux. Kibodi zenyewe hazikuwa na kasoro.

Kwa Apple suluhisho lilichukua miaka. Kuanzia MacBook ya inchi 12 ya mwaka 2015 na MacBook Pro za 2016, kampuni iliiunganisha kibodi ya ndani kwa njia tofauti na USB iliyozoeleka. Linux haikuwa na draiva yake ndani ya kiini mpaka toleo la 5.3, lililotoka Septemba 2019. Kabla ya hapo, aliyetaka Ubuntu kwenye mashine hizo alihitaji kibodi ya nje au draiva ya kujitafutia.

Na draiva inaweza kufanya makubwa kuliko kuinyamazisha kibodi. Oktoba 2018, draiva ya kibodi ya HP, toleo 11.0.3.1, ilisambazwa kupitia Windows Update ikaangusha kompyuta za HP zenye Windows 10. Mashine ziliganda kwenye skrini ya buluu yenye maneno WDF_VIOLATION. Microsoft iliiondoa draiva hiyo kwenye usambazaji.

Hakuna anayesema kibodi hazifi. Zinakufa, na dalili zake zinajulikana. Chai yenye sukari ikimwagika mara nyingi haiui kibodi yote kwa mara moja. Huua vitufe kadhaa vinavyotumia njia moja ya umeme, na vingine vikabaki vizima. Betri iliyovimba huisukuma kibodi kutoka chini mpaka ikapanda katikati, na hilo ni la kushughulikiwa siku hiyo hiyo kwa sababu betri hiyo inaweza kuwaka moto. Mchanga huingia chini ya vitufe. Kitufe kilichokufa ndani ya Windows na ndani ya BIOS kwa pamoja kimekufa kweli, abadilishiwe mtu kibodi.

Lakini kubadilisha bila kupima kuna madhara yake. Kwenye mpakato nyingi nyembamba za siku hizi, kibodi haikufungwa kwa skrubu mbili tatu. Imeshikiliwa kwenye ganda la juu kwa vichwa vidogo vya plastiki vilivyoyeyushwa kiwandani. Kuing'oa ni kuvivunja vyote. Kuirudisha ni gundi au pasi ya kuchomelea, na vitufe huanza kucheza. Waya bapa wa kibodi nao unaingia kwenye kishikio chenye kifuli chembamba kinachokatika kwa kucha. Mashine iliyokuwa na tatizo la draiva inaondoka mezani na matatizo matatu.

Mafundi hawastahili kubebeshwa lawama zote. Wengi wanajua kabisa haya yote. Kinachowaponza ni namna wanavyolipwa: mteja wa kwetu hutoa hela akiona kifaa kimebadilishwa, na hukunja uso akiambiwa alipie kuangaliwa. Fundi aliyetumia saa nzima kuondoa draiva mbovu kwenye "Device Manager" na kuianzisha mashine upya anaambiwa "si umebonyeza bonyeza tu?" Yule aliyeuza kibodi isiyohitajika anashukuriwa. Kwa malipo ya namna hiyo, uaminifu unamgharimu fundi chakula cha jioni, na hilo ni kosa la wateja kabla halijawa la mafundi.

Waendeshaji wa ofisi na shule nao wana wajibu. Mfumo mpya uwekwe kwanza kwenye kompyuta moja ya kila modeli, ijaribiwe kwa siku kadhaa, ndipo nyingine zifuate. Kabla ya kuhamia Linux, iwashwe kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, na mtu aandike aya mbili aone kama vitufe vyote vinaitika. Kibodi moja ya USB ikae kabatini. Na ikiwa Windows 11 iliwekwa juu ya Windows 10 na mambo yakaharibika, ikumbukwe kuwa mfumo unatoa siku 10 tu za kurudi nyuma kwa amani. Faili za zamani hufutwa baada ya hapo. Anayesubiri "labda itakaa sawa" mpaka wiki ya tatu amejifungia njia rahisi kuliko zote.

Kwa kampuni zinazotengeneza mifumo hii, ombi ni moja. Sehemu ya uokoaji na skrini ya nenosiri zijaribiwe kwa kibodi za kila aina kabla sasisho halijatoka, kwa sababu hapo ndipo mtu hana njia mbadala. Kurekebisha ndani ya siku sita ni haraka, lakini mwanafunzi mwenye kazi ya kukabidhi kesho hana siku sita.

Nawe mwenye kompyuta, ukienda kwa fundi, mwambie kibodi ilinyamaza siku gani na kitu gani kiliwekwa siku hiyo. Muulize kama inaitika kwenye BIOS, na umwombe akuonyeshe kwa macho yako kabla hajafungua skrubu ya kwanza. Akikuta kibodi ni nzima na akaitengeneza bila kubadilisha chochote, mlipe.