Mambo ya Shule: Hesabu ya Alama na Hesabu ya Watoto

Juma hili napenda kuzungumza nanyi, wasomaji, juu ya jambo ambalo huleta maneno mengi kila matokeo ya mtihani yanapotangazwa. Wazazi hukutana dukani, kanisani, msikitini na penye mnada wa ng'ombe, na kila mmoja huuliza: "Shule yenu imepata wastani gani?" Shule yenye wastani mkubwa husifiwa. Yenye wastani mdogo hulaumiwa, na mwalimu mkuu wake huitwa mvivu hata kabla hajasikilizwa. Twaona kuwa hukumu ya namna hii mara nyingi si ya haki, na mwisho wake anayeumia ni mtoto.

Wakulima wataielewa habari hii upesi. Mtu akikuambia kwamba jirani yako amevuna magunia 40 ya mahindi na wewe 20 tu, hutakubali kushindwa mpaka umeuliza kwanza: shamba lake ni eka ngapi, na udongo wake ni wa namna gani? Shule nayo ni vivyo hivyo. Kabla ya kuuliza alama ngapi, yatupasa kuuliza watoto wangapi, na ni watoto gani.

Na tutoe mfano wa hesabu, ambao makarani wanaweza kuupima kwa kalamu. Tuseme darasa lina watoto 10. Watoto 9 wamepata alama 260 kila mmoja, na mmoja amepata 160. Jumla ni 2,500, na wastani ni 250. Sasa mwalimu akimzuia yule mmoja asifanye mtihani, wastani hupanda mara moja hadi 260. Shule itasifiwa kwa kupanda alama 10, hali hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza neno jipya. Kilichotokea ni kwamba mtoto mmoja amefungiwa mlango.

Tuchukue tena shule mbili. Ya kwanza ina watahiniwa 40, wote wamechaguliwa kwa mtihani wa kuingilia, na wastani wao ni 300. Ya pili ni ya umma, inapokea kila mtoto ajaye, nayo ina watahiniwa 120. Arobaini wa mbele wana wastani wa 330, arobaini wa katikati 250, na arobaini wa nyuma 170. Wastani wa shule nzima ni 250. Watu watasema ya kwanza imeishinda ya pili kwa alama 50. Lakini tukilinganisha 40 kwa 40, watoto wa mbele wa shule ya umma wamewapita wale waliochaguliwa. Tena shule hiyo imewabeba watoto 80 zaidi.

Mambo haya si ya kufikiri tu. Wazee waliosoma katika miaka ya 1950 wanakumbuka mtihani uliofanywa mwishoni mwa darasa la 4, ambao uliwarudisha watoto wengi nyumbani. Waliofika darasa la 8 na kufanya mtihani wa KAPE walikuwa wachache waliochujwa. Kwa hiyo anayesema kwamba watoto wa zamani walikuwa na akili kuliko wa leo, yafaa akumbuke ni wangapi ambao hawakuhesabiwa kamwe.

Januari 2003 Serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi za umma. Watoto walioandikishwa walikuwa karibu milioni 5.9 mwaka 2002, wakafika karibu milioni 7.2 mwaka 2003. Walikuja watoto waliokuwa wakichunga ng'ombe, yatima waliokosa wa kuwalipia, na vijana waliopitwa na umri wa darasa la kwanza. Mwaka 2004 hata Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret. Walimu na madarasa havikuongezeka kwa kadiri ile. Wakati huohuo wazazi wengi wenye uwezo waliwahamishia watoto wao shule za binafsi. Basi shule ileile ya umma ilipoteza watoto wenye vitabu na taa nyumbani, ikapokea wasio na kitu. Wastani wake uliposhuka, watu walisema elimu imeharibika. Hapana shaka msongamano ulileta taabu, lakini sehemu ya kushuka huko ilitokana na shule kufungua mlango, na kufungua mlango si kosa.

Serikali yenyewe iliona shida ya kulinganisha visivyolingana. Mwaka 2011 iliamua kugawa nafasi za shule za sekondari za kitaifa kwa kuangalia idadi ya watahiniwa wa shule za umma na wa shule za binafsi. Matokeo ya mtihani wa KCPE wa 2014 yalitangazwa bila orodha ya kupanga shule kwa nafasi. Mtihani huo wenyewe, ulioanza 1985, ulifanywa mara ya mwisho 2023. Lakini mazoea hayakufa pamoja nao. Mahali pengi wazazi bado huuliza swali lilelile la wastani.

Ubaya mwingine wa wastani ni kwamba huficha yanayotendeka ndani ya darasa. Katika miaka ya 1990, huko Busia na Teso, wataalamu Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichunguza shule zilizopewa vitabu vya kiada. Kila mtu alitazamia wastani upande. Haukupanda. Waliofaidika ni watoto waliokuwa mbele tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, nao wa nyuma hawakuweza kuvisoma. Vitabu vilifika shuleni, lakini havikuwafikia watoto wote.

Na dawa je? Mwaka 2005, magharibi ya Kenya, shule 121 ziliongezewa mwalimu mmoja wa darasa la kwanza, darasa likagawanywa mara mbili. Katika baadhi yao watoto waligawanywa kwa kura, na katika nyingine kwa kiwango cha ujuzi. Palipogawanywa kwa ujuzi, wa mbele na wa nyuma wote walipata faida, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha kwa kadiri ya watoto aliokuwa nao. Mtoto wa nyuma, basi, si mzigo wa kutupwa. Akifundishwa kwa kadiri yake, husogea.

Sisemi kwamba walimu wasiulizwe. Mwalimu asiyefika darasani aulizwe, na mwalimu mkuu asiyeonyesha hesabu ya fedha aulizwe pia. Lakini tuulize maswali yenye maana. Katika mkutano ujao wa wazazi, mwombeni mwalimu mkuu awaeleze mambo manne. Watoto wangapi waliingia darasa la kwanza, na wangapi kati yao wamefika darasa la juu? Wasichana wangapi wameacha, na kwa sababu gani? Watoto wa nyuma walikuwa wapi mwaka jana, na wako wapi mwaka huu? Na je, kuna mtoto aliyerudishwa darasa au kuhamishwa ili wastani upendeze?

Swali hili la mwisho ndilo kubwa. Mtoto anayeondolewa kwa ajili ya sifa ya shule haonekani katika hesabu yoyote. Huonekana baadaye, akibeba mizigo sokoni na kuweka dole gumba mahali pa sahihi. Shule ya umma imejengwa kwa kodi ya watu wote, na baba yake huyo naye amelipa. Basi mwulizeni mwalimu mkuu, na jibu atakalotoa liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu cha mkutano, ili mwakani mlilinganishe.