Kwa pesa yetu hii, tununue flashi moja, siyo taa tatu



Jumamosi tunakaa kikao cha kuamua pesa ya kikundi itanunua nini kwa ajili ya kona yetu ya picha. Wengine wameshatuma kwenye simu picha za zile taa tatu za studio zinazouzwa pamoja: stendi tatu, miavuli mitatu, na mfuko mweusi wa kubebea. Zinapendeza kweli. Lakini sisi watatu tunaoshika kamera tumeona tuseme mapema, ili kesho mtu asije akauliza mbona mlinyamaza. Hatuzitaki. Tunaomba flashi moja ndogo ya betri, rimoti yake, stendi moja na mwavuli mmoja mweupe. Basi. Pesa inayobaki inunue betri na chaja.

Mtuelewe, siyo kwamba hatupendi vitu vikubwa. Mwaka jana familia moja ya jirani ilipata safari ya kwenda nje. Baba, mama na watoto watano. Bibi hakuwa kwenye faili yao, yeye alikuwa anabaki. Walikuja kwetu jioni, siku mbili kabla ya basi, wamevaa vizuri, wakitaka picha moja ya wote. Siku hiyo tulikuwa tumeazima taa mbili za studio, na tulijisifu kabisa. Tukazichomeka kwenye inverta ya sola. Taa zilipoanza kujaza moto, inverta ikalia, ikazima. Tukajaribu moja moja, ikazima tena. Tukakimbilia jenereta ya jirani, haina mafuta. Giza likaingia. Mwishowe tukapiga na flashi ile ya juu ya kamera, inayojifungua yenyewe. Watoto waliokaa mbele wakatoka kama wamepakwa unga. Bibi, ambaye alikataa kukaa mbele, akatoka kivuli. Unaona kitambaa chake cha kichwa, sura huioni.

Hatukuwalipisha. Lakini familia ilisafiri, na hiyo ndiyo picha waliyoondoka nayo.

Kwa hiyo sababu yetu ya kwanza ni umeme. Taa kubwa ya studio imetengenezwa kwa ajili ya nyumba yenye umeme wa ukutani. Kila ikipiga, inavuta umeme kwa nguvu ili ijae tena, na inverta ndogo nyingi za sola hazivumilii hilo. Flashi ndogo inakula betri nne za kawaida, zile za saizi ya AA. Ukinunua za kuchaji, unazichaji mchana kwenye sola, na zikiwa nzima zinapiga mara mia mbili hivi kwa nguvu yote. Ukipiga kwa robo ya nguvu, ambayo kwa picha ya mtu mmoja inatosha, zinakwenda mbali zaidi sana. Nunua betri nane, nne ndani na nne mfukoni. Umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Ya pili ni bei. Flashi kama Godox TT600 au Yongnuo YN560 IV ni za kurekebisha kwa mkono, hazina mambo mengi, na ndiyo maana bei yake iko chini. Zote mbili zina kipokezi cha rimoti ndani yake, hivyo unaweza kuiweka flashi kwenye stendi, mbali na kamera. Hapo ndipo faida ilipo. Flashi ikikaa juu ya kamera inapiga uso moja kwa moja: paji linang'aa na kivuli cheusi kinabaki ukutani. Ikisogea pembeni na kupita kwenye mwavuli, mtu anaonekana na sura yake.

Tena kuna jambo la ngozi yetu. Wapiga picha wengi wanaoanza wakiona mtu mweusi katoka giza, wanaongeza nguvu ya flashi. Matokeo yake shati linaungua kwa weupe na uso unameta kama una mafuta. Ngozi yetu inataka mwanga mpana. Weka mwavuli karibu, kama mita moja kutoka usoni, juu kidogo ya macho, upande mmoja. Upande wa pili mtu ashike shiti nyeupe ili irudishe mwanga. Turubai nyeupe pia inafaa, lakini ya bluu au ukuta wa udongo mwekundu hapana, kwa sababu rangi yake inarudi usoni.

Na ile picha ya bibi? Tumeifikiria sana, na tunajua sasa kosa halikuwa la inverta peke yake. Mwanga unapungua haraka unavyokwenda mbali. Aliye mita mbili kutoka kwenye flashi anapata robo tu ya anachopata aliye mita moja. Sisi tuliweka watoto karibu na bibi nyuma yao. Tungekuwa na flashi moja kwenye stendi, tukairudisha mita tatu na kuinua juu, watoto wangekuwa mita tatu, bibi mita nne, na bibi angepata zaidi ya nusu ya mwanga wao. Sura yake ingeonekana. Ingebidi tu tuongeze nguvu ya flashi na kupandisha ISO hadi 400 au 800. Kazi yote hiyo ni ya flashi moja na mtu anayejua aiweke wapi. Taa tatu mikononi mwa mtu asiyejua hilo zinaleta vivuli vitatu.

Kabla ya kulipa, tukienda Mbarara au Kampala, twende na kamera yetu mkononi. Tulishawahi kuazima flashi nzuri, tukaiweka kwenye kamera yetu ya pili, ikakaa kimya. Tukadhani imekufa. Kumbe kuna kamera mpya za bei ya chini ambazo pale juu, flashi inapochomekwa, hazina kile kichuma cha katikati kinachotoa amri ya kupiga. Kamera ya hivyo inataka rimoti iliyotengenezwa kwa ajili yake. Kwa hiyo tuangalie kichuma, tuwashe, tupige mara kumi palepale dukani. Na flashi za zamani za enzi ya filamu tuziogope hata zikiwa za bure, maana baadhi yake zinarudisha zaidi ya volti 200 kwenye kamera na kuiua.

Tunajua mtasema nini. Kuna dada mmoja kwenye kikundi anatuambia, ninyi mnasahau video, flashi haisaidii video. Ni kweli kabisa. Flashi inawaka kufumba na kufumbua, video inahitaji taa inayokaa. Kama kikao kitaamua kazi yetu kubwa ni video, basi tununue taa ya LED ya kuchaji na sisi tutanyamaza. Lakini tuhesabu wateja waliokuja mwezi uliopita. Walitaka picha za paspoti, za mahafali, za ndoa, za mtoto mchanga. Na za kuagana.

Wengine wanasema mteja akiona kaflashi kadogo atatudharau, atakwenda kwa mwenye studio. Labda. Lakini mteja anaondoka na picha, taa anaziacha hapa. Tuanze na moja, tuijue vizuri, ituletee pesa, halafu ya pili tuinunue kwa pesa iliyozaliwa na ya kwanza.

Yule bibi bado yuko, tunamwona kwenye foleni ya maji. Wa kwanza kupigwa na flashi hiyo atakuwa yeye, na picha tutawatumia watoto wake huko waliko. Jumamosi tukiulizwa, mikono yetu mitatu itanyoshwa kwa hilo. Njooni na hesabu zenu, tubishane vizuri.